Kupika Chai Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Chai ya Rangi, ya Maziwa, ya Viungo na ya Mchaichai

Katika nyumba nyingi za kwetu chai hupikwa na yeyote aliyetangulia kuamka, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaokumbuka kufundishwa kuipika. Maji, majani, maziwa na sukari hutiwa sufuriani kwa pamoja, moto huachwa uwake, na chai ikifura na kukaribia kumwagika huhesabiwa kuwa imeiva. Chai ya namna hiyo hunyweka, na sina nia ya kumkosoa aliyeizoea. Lakini nimepika chai karibu kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza Muheza kwenye jiko la mkaa na baadaye Njombe kwenye jiko la gesi, na nimejiridhisha kwamba kila kinachoingia sufuriani kina wakati wake wa kuingia. Karibu kila kasoro ya chai, iwe uchungu, ukakasi, wepesi au maziwa kukatika, hutokana na kitu kilichotangulia au kilichochelewa. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo, ukianza na majani na maji, kisha chai moja baada ya nyingine.

Majani

Chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti huja baada ya majani kuchumwa. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yapigwe na hewa hadi yageuke rangi ya shaba, ndipo yakaushwe. Majani ya chai ya kijani hupitishwa kwenye mvuke au joto mapema ili yasigeuke. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Nchini Kenya ulipandwa kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na huku kwetu Wajerumani waliujaribu Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mashamba yanayojulikana zaidi yako Kericho, Nandi na Kisii kwa upande wa Kenya, na Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara kwa upande wa Tanzania.

Jambo la kiwandani linalomhusu moja kwa moja mpishi wa nyumbani ni umbo la chai yetu. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hupitishwa kwenye rola zenye meno ambazo huponda jani, hulichana na kuliviringisha kuwa chembe ndogo ngumu. Njia hii ilibuniwa Assam, nchini India, katika miaka ya 1930. Chembe hizo hutoa rangi na nguvu kwa haraka sana, ndani ya dakika tatu hadi tano, na baada ya hapo zinachotoa kwa wingi ni tanini, ambazo ndizo huleta ule ukakasi unaokausha ulimi na kukaza fizi. Ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya chai ya majani makubwa ya China au Darjeeling hayatufai sana: anayeacha chembe zetu zichemke dakika kumi na tano akidhani anaongeza ladha, anaongeza ukakasi tu, kisha analazimika kuuzima kwa sukari.

Kabla ya kununua kwa wingi, nunua pakiti ndogo. Mimina kidogo kiganjani, sugua kwa kidole gumba, kisha nusa. Majani mazuri huwa makavu, chembe zake hulingana, na harufu yake hukumbusha nyasi kavu yenye utamu kwa mbali. Yakiwa na vijiti vingi vyekundu, au harufu ya ukungu, au hayana harufu kabisa, hayo yamekaa ghalani muda mrefu au yamepata unyevu. Ukifika nyumbani yahamishie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na mbali na dirisha, na tumia kijiko kikavu kila unapochota. Chai hunyonya harufu kwa kasi ya ajabu. Niliwahi kuweka pakiti iliyofunguliwa kwenye sanduku moja na mche wa sabuni ya kufulia kwa siku mbili tu wakati wa kuhama nyumba, na pakiti nzima ikawa haifai tena, kwa kuwa kila kikombe kilitoa harufu ya nguo zilizoanikwa. Kwa sababu hiyo hiyo, usihifadhi majani pamoja na karafuu au iliki ukitarajia kupata chai ya viungo. Harufu moja huizidi nyingine, na utakosa nafasi ya kunywa chai ya kawaida.

Maji na moto

Sehemu kubwa ya kikombe ni maji, na kwa hiyo maji yenye chumvi hayawezi kutoa chai nzuri hata majani yawe ya bei gani. Wakazi wa pwani wanaotegemea visima wanalijua jambo hili: chai huwa na rangi iliyofifia, hutengeneza utando mwembamba juu, na ladha yake huwa butu. Ikiwa maji ya bomba hutoka kwa zamu, tenga ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya chai na kupikia, na ya kisima yatumie kwa kuoshea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua za mwanzo kuosha paa, hutoa chai yenye rangi ang'avu kuliko yote niliyoyajaribu, ila lazima yachemshwe vizuri.

Jambo la pili ni mwinuko wa mahali unapoishi. Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi. Nairobi huchemka kwa takriban nyuzi 94, na Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa takriban nyuzi 93. Nilipohamia Njombe nilidhani nimeuziwa majani mabovu, kwa sababu vipimo vile vile vya Muheza vilitoa chai nyepesi isiyo na msukumo. Majani hayakuwa na kosa lolote. Maji yalikuwa yakitokota kwa nguvu huku joto lake likiwa chini. Dawa yake si kuongeza majani, bali ni kufunika sufuria na kuongeza dakika moja au mbili za kuyaacha majani yatoe ladha. Anayeishi nyanda za juu azingatie hilo katika vipimo vyote vinavyofuata.

Chai ya rangi

Ninashauri kila anayetaka kuipika chai vizuri aanzie hapa, kwa kuwa chai ya rangi haina maziwa ya kuficha makosa. Wengine huiita strungi au turungi, na baadhi ya watu wa pwani huiita chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na rangi hiyo ndiyo ya kuilenga: nyekundu ya kahawia inayopitisha mwanga, ambayo ukiitazama kwenye bilauri huoni weusi.

Kwa vikombe vinne, pima lita moja ya maji, yateleke yakiwa sufuriani au kwenye birika, na subiri hadi yatokote sawasawa, si yale mapovu madogo ya pembeni. Epua kwanza, au zima gesi, ndipo utie vijiko viwili vya chai vya majani, vilivyosawazishwa. Koroga mara moja, funika, na hesabu dakika tatu hadi nne. Kisha chuja yote kwa mpigo mmoja kwenye birika lingine au chupa ya chai, bila kuyakamua majani kwenye kichujio, kwa sababu tone la mwisho linalokamuliwa ndilo lenye ukakasi mwingi. Kosa la kawaida ni kuyaacha majani yakae ndani ya birika mezani wakati watu wakiendelea kunywa. Kikombe cha kwanza huwa kizuri, cha tatu huwa kichungu, na lawama humwangukia mpishi.

Ukitaka kuongeza ndimu, iweke kikombeni baada ya kumimina, wala si sufuriani. Utaona rangi ikipauka mara moja, kutoka wekundu kwenda dhahabu. Si kwamba chai imeharibika: rangi ya chai nyeusi hubadilika inapokutana na uchachu. Ndimu ikichemshwa pamoja na chai hupoteza harufu yake na kubakiza uchungu wa ganda. Nao mchanganyiko wa ndimu na maziwa katika kikombe kimoja hauwezekani, maziwa yatakatika.

Chai ya maziwa

Hapa pana mengi ya kusema, kwa sababu hii ndiyo chai ya wengi wetu na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi.

Anza na maziwa yenyewe. Ya pakiti yaliyokwisha kuchemshwa kiwandani hayana taabu, lakini maziwa mabichi yanayouzwa kwa lita mtaani yachemshwe peke yake kwanza, yafure na kupanda, yapunguziwe moto na yaendelee kidogo. Ni kwa ajili ya usalama, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya magonjwa kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Lakini pia ni kipimo. Maziwa yaliyoanza kuchacha hayaonekani kwa macho wala wakati mwingine hayanuki, ila yakipata moto hukatika. Ni afadhali uyagundue yakiwa peke yake kuliko kuyagundua ndani ya sufuria nzima ya chai. Kama unaharakisha, chemsha vijiko vichache tu kwenye sufuria ndogo uone.

Kipimo changu cha vikombe vinne ni maji mililita 600 na maziwa mililita 400, na majani vijiko vitatu vya chai. Majani ni mengi kuliko ya chai ya rangi kwa sababu protini za maziwa hushikamana na tanini na kuilainisha chai. Hiyo ndiyo sababu chai ya maziwa hailetei ulimi ukakasi, na ndiyo sababu pia majani yakitiwa moja kwa moja kwenye maziwa hayakolei vizuri. Kwa hiyo majani yatangulie kwenye maji.

Teleka maji. Yakitokota, tia majani, punguza moto uwe wa wastani na acha yachemke polepole dakika mbili, si zaidi ya tatu. Wakati huo huo maziwa yawe yanapata moto kwenye sufuria nyingine, au angalau yasiwe yametoka kwenye friji. Maziwa ya baridi yakimiminwa kwenye chai inayochemka huishusha joto ghafla, na wewe utalazimika kuichemsha upya huku majani yakiendelea kutoa ukakasi. Mimina maziwa ya moto, ongeza moto kidogo, na usiondoke. Chai itaanza kutulia, kisha pembeni patatokea povu, povu litakusanyika katikati, na ghafla chai itapanda. Inua sufuria, acha ishuke, irudishe ipande tena mara moja, halafu epua. Wengi huiacha ipande mara nne au tano. Mara mbili zatosha, kwani kila mara inapopanda maziwa huzidi kupata ladha ya kuungua.

Rangi ndiyo itakayokuambia kama umepatia. Chai ya maziwa iliyokolea huwa na rangi ya udongo mwekundu uliolowa. Ikiwa na rangi ya kijivu, majani yalikuwa machache au maji hayakuchemka vya kutosha kabla ya kuyatia. Ikiwa nyeupe ya pinki, maziwa yamezidi. Kama umekosea, usirudishe majani mapya ndani ya maziwa. Pika chai ya rangi nzito pembeni, nusu kikombe tu, uichuje na kuiongeza.

Wapo wanaopendelea chai ya maziwa matupu, hasa wafugaji na familia zenye ng'ombe. Hata hao nawashauri wachukue kikombe kimoja cha maji wakipikie majani kwanza, kisha watie maziwa lita nzima. Ladha ya maziwa haitapungua, na chai itakolea kwa majani machache zaidi. Kwa maziwa ya unga, koroga unga na maji ya vuguvugu hadi mabonge yote yaishe, kisha mimina kwenye chai iliyokwisha kuchujwa. Ukinyunyizia unga moja kwa moja kwenye chai ya moto utapata madonge yanayoelea. Anayetumia tui la nazi alitie baada ya kuepua, kwani likichemka sana hujitenga na kutoa mafuta juu.

Tangawizi na maziwa

Siku moja nikiwa bado kijana, shangazi alikuwa na wageni sebuleni, nami nilitumwa jikoni nipike chai ya tangawizi. Maziwa yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyachemsha asubuhi na kuyaonja. Niliyapasha moto, nikakwangua tangawizi juu yake, na nilipogeuka kuchukua majani nikakuta maziwa yamejitenga: juu maji ya njano, chini mabonge meupe. Shangazi aliingia, akatazama sufuria, akaniuliza swali moja tu: "Tangawizi umeichemsha kwanza?" Sikuwa nimeichemsha. Kwa miaka mingi niliamini ni uchachu wa tangawizi uliokata maziwa, hadi nilipokuja kujua sababu yenyewe.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, kama kile cha papai bichi kinavyolainisha nyama. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa nguvu zaidi maziwa yanapokuwa ya moto bila kuchemka, karibu nyuzi 60 hadi 70, na hufa kikichemshwa. Huko Guangdong, kusini mwa China, watu hukitumia kwa makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yakaganda na kuwa kitindamlo laini. Sisi tunataka kinyume chake. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja na haubadiliki: tangawizi huingia kwenye maji ya baridi, huchemka pamoja nayo dakika tano hadi saba, ndipo majani yafuate, na maziwa yawe ya mwisho. Usiikwangue kwenye maziwa, wala usiiongeze mbichi baada ya maziwa kuingia kwa kuwa uliona haijakolea. Kama haijakolea, ichemshe pembeni na maji kidogo kisha umimine maji yake. Tangawizi kavu ya unga haina hatari kubwa ya namna hii, lakini nayo hutoa ladha vizuri zaidi ikichemshwa na maji.

Kwa vikombe vinne, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha. Huna haja ya kukimenya, kioshe tu vizuri na kukisugua udongo. Kukitwanga kwenye kinu ni bora kuliko kukikata vipande, kwa sababu nyuzi hupasuka na kuachia maji yake. Tangawizi changa, yenye ganda jembamba, ina harufu nyingi na ukali kidogo. Iliyokomaa ina ukali zaidi, nayo ndiyo inayofaa siku za baridi.

Chai ya viungo

Viungo vya chai ya pwani ni vichache na kila kimoja kina kazi yake. Iliki huleta harufu, mdalasini huleta utamu usio wa sukari, karafuu na pilipili manga huleta joto, na kungumanga, ikitumiwa, ikwanguliwe kidogo sana mwishoni. Kwa vikombe vinne mimi hutumia iliki tano, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole cha shahada, karafuu mbili na punje nne za pilipili manga. Karafuu ndiyo ya kuogopa. Ya tatu bado inavumilika, ya tano itaifanya chai ionje kama dawa ya meno, na hakuna namna ya kuitoa ladha hiyo ikishaingia.

Iliki ipasuliwe na kutwangwa pamoja na ganda lake wakati ule ule wa kupika. Iliki iliyosagwa wiki tatu zilizopita na kuachwa kwenye kichupa imebaki rangi tu. Mdalasini na karafuu huhitaji muda mrefu, kwa hiyo vitie kwenye maji ya baridi pamoja na tangawizi. Iliki husafiri na mvuke upesi, kwa hiyo gawa: nusu mwanzoni, nusu unapotia maziwa. Mgawanyo huu ndio unaoifanya chai inukie hadi sebuleni na bado ikafika kikombeni ikiwa na harufu.

Masala ya chai ya dukani yana urahisi wake, nami siyakatai. Tatizo ni kwamba unga hupita kwenye kichujio na kutulia chini ya kikombe kama tope. Ukiyatumia, robo kijiko cha chai kwa lita moja, yachemshwe na maji, na chai iachwe itulie dakika mbili kabla ya kuchujwa. Waswahili walioko Muscat na miji mingine ya Ghuba wamezoea karaki, ambayo ni jamaa wa karibu wa chai hii: majani mengi huchemshwa hadi chai iwe nzito sana, kisha hutiwa maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji, iliki na sukari nyingi, wakati mwingine na zafarani. Anayetaka kuipika nyumbani apike chai ya rangi kwa vijiko vinne vya majani katika mililita 700 za maji, aiache ichemke dakika tano, na aongeze kopo dogo la maziwa hayo. Hapa ukakasi unaruhusiwa, kwa kuwa uzito wa maziwa unaumeza.

Mchaichai, rozela na chai ya kijani

Mchaichai huota hata kwenye ndoo iliyotobolewa, na kwa hiyo sioni sababu ya kuununua ukiwa umekaushwa. Kata majani manne au matano marefu, yaoshe, yafunge fundo kama ukindu ili yasitawanyike, na yapige kidogo kwa mchi. Yachemshe na lita moja ya maji kwa dakika tano, kisha funika na uache dakika tano nyingine. Yanywe yenyewe, au tia kijiko kimoja cha majani ya chai mwishoni. Kingo za majani haya hukata vidole, na vipande vyake vidogo huchoma koo, hivyo chuja kwa kichujio chenye matundu madogo.

Rozela, ambayo wengine huiita choya, hutoa chai nyekundu kama juisi ya zabibu. Konzi moja ya maua makavu kwa lita ya maji yaliyochemka, dakika kumi, bila moto. Ina uchachu mkali, kwa hiyo haichanganyiki na maziwa kabisa, na isipikwe kwenye sufuria tupu ya alumini, kwa kuwa uchachu huila. Hupendeza zaidi ikiwa baridi, pamoja na tangawizi na asali. Anayetumia dawa za kushusha shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, kwani rozela nayo inaweza kulishusha.

Chai ya kijani haitaki maji yanayotokota. Chemsha maji, yaache yapoe dakika tano hadi yawe karibu nyuzi 80, tia majani, chuja baada ya dakika mbili. Wanaosema ni chungu mno karibu wote wameipika kama wanavyopika chai nyeusi.

Mezani na baadaye

Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Ikipikwa ndani ya chai ya maziwa huharakisha kuungua chini ya sufuria, na humnyima mwenye kisukari nafasi ya kukaa meza moja na wenzake. Vitafunwa vilingane na chai: mahamri na mbaazi, vitumbua na maandazi ya iliki hutaka chai ya maziwa isiyo na viungo vingi, kwa sababu vyenyewe vimeshanukia, mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha huenda vizuri na tangawizi, kashata na halua hutaka chai ya rangi isiyo na sukari hata chembe.

Naomba jambo moja lizingatiwe na kila familia yenye mjamzito au mtoto mdogo. Chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga za majani, maharage na nafaka. Kwa wanaotegemea vyakula hivyo, ni vyema chai inywewe angalau saa moja kabla au baada ya mlo, na watoto wadogo wasipewe chai kama sehemu ya chakula chao.

Chai inayobaki iingie kwenye chupa ya chai ikiwa imeshachujwa na ikiwa bado ya moto sana. Suuza chupa kwanza kwa maji yanayochemka, yamwage, ndipo umimine chai, nayo itakaa na joto lake kwa saa nyingi zaidi. Chai ya rangi hustahimili hadi jioni. Ya maziwa hubadilika ladha baada ya saa tatu au nne, na ile iliyoachwa wazi sufuriani hadi ikapoa haifai kuwekwa kwa ajili ya kesho, hasa kwenye joto la pwani. Chupa ikianza kuwa na ukoga wa kahawia ndani na harufu isiyotoka, tia vijiko viwili vya magadi ya unga, jaza maji ya moto, iache usiku kucha, kisha isugue na kuisuuza asubuhi. Ianike wima kifuniko kikiwa kando, kwa sababu chupa iliyofungwa ikiwa na unyevu itaitia harufu yake chai ya kesho, hata kama umeipika vizuri kiasi gani.